Mfupa Unaovimba Bila Vijidudu

Tambarare ya Ruzizi, mashariki mwa Kongo, huanzia chini ya milima ya Kamanyola na kuishia Uvira, karibu na pale mto Ruzizi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Katika vijiji vya tambarare hiyo, Kiringye, Luvungi, Sange na vinginevyo, watoto huchota maji, hufuatana na wazazi kwenye mashamba ya muhogo na mpunga, na jioni hucheza mpira miguu mitupu. Mtoto akianza kuchechemea hakuna anayeshtuka. Bibi atasema ameteguka. Baba ataulaumu mpira wa juzi. Muuza dawa atatoa parasetamoli, na mzazi akisisitiza ataongeza amoksisilini. Kwa watoto wengi mambo huishia hapo na mguu hupona.

Makala haya yanamhusu yule ambaye mguu wake haukupona.

Chukulia msichana wa miaka tisa, kwa mfano tu. Mfupa wa muundi unamuuma karibu na goti, hasa usiku. Maumivu yanatulia wiki mbili, kisha yanarudi. Miezi inapita, na mtulinga wa kushoto unaanza kuvimba. Homa hana, au anayo kidogo. Anakula, na siku anazoweza anakwenda shule. Amekwisha kumeza antibiotiki za aina tatu, amechomwa sindano, amechanjwa chale, na jirani mmoja ameapa kwamba mtoto karogwa. Hatimaye inaamuliwa kuwa usaha umejificha ndani ya mfupa, lazima apasuliwe. Anapasuliwa. Usaha haupo.

Mtoto wa namna hiyo huenda ana ugonjwa ambao tiba imeufahamu kwa muda wa nusu karne tu. Mwaka 1972 huko Zürich, Uswisi, Andreas Giedion, daktari bingwa wa picha za eksirei za watoto, pamoja na wenzake, walieleza habari za watoto waliovimba mifupa kadhaa kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa ulinganifu wa kulia na kushoto, bila bakteria kupatikana. Leo ugonjwa huo huitwa osteomielitisi sugu isiyo ya bakteria, kwa kifupi CNO. Ukishika mifupa mingi na kurudi mara kwa mara, madaktari huuita CRMO.

Hauambukizi. Mtoto hakuupata kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa, wala kwa maji ya mto, wala kwa uchafu. Chanzo chake kiko ndani ya kinga ya mwili wenyewe. Chembe nyeupe za damu ziitwazo monosaiti hutoa kemikali za kuchochea uvimbe pale adui anapoingia mwilini, na hutoa pia kemikali ya kuutuliza, interleukini 10. Watafiti wamegundua kwamba monosaiti za watoto hawa hutoa kitulizo kidogo mno na vichocheo vingi mno. Ni kama mlinzi anayepiga yowe usiku kucha ilhali mwizi hakuja. Uvimbe huo huziamsha chembe zinazomega mfupa, na mfupa huliwa kutoka ndani, kisha hujijenga upya ukiwa mnene na mgumu kuliko ulivyokuwa.

Ugonjwa hupenda ncha za mifupa mirefu, karibu na sehemu inayokua: muundi na paja, juu na chini ya goti, na kifundo cha mguu. Hupenda pia mtulinga, nyonga, taya na pingili za uti wa mgongo. Huwapata zaidi wasichana, na mara nyingi huanza kati ya miaka 7 na 12. Baadhi yao hutokwa na vipele vyenye majimaji kama usaha kwenye viganja na nyayo, au huwa na ugonjwa wa ngozi wa psoriasisi, au uvimbe sugu wa utumbo. Mwaka 1987 madaktari wa Ufaransa walikusanya magonjwa ya jamii hiyo, ya mifupa, viungo na ngozi, chini ya jina moja: SAPHO.

Kuna familia chache ambazo ugonjwa hupita katika damu. Mwaka 1989 Hasan Majeed, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kuwait, alieleza ndugu wa familia moja ya Kiarabu waliokuwa na mifupa iliyovimba tangu utotoni pamoja na upungufu wa damu wa kuzaliwa. Mwaka 2005 jeni iliyoharibika, LPIN2, ilipatikana. Mtoto huugua pale anapoirithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama wote wawili, jambo linalotokea zaidi wazazi wakiwa ndugu wa damu. Lakini wengi wenye CNO hawana historia ya namna hiyo nyumbani kwao.

Ugumu uko wapi basi? Ugumu ni kwamba hakuna kipimo hata kimoja cha damu kinachosema "ndio, ni huu." CNO hutajwa baada ya magonjwa mengine kuondolewa moja baada ya jingine. Na katika tambarare ya Ruzizi, hayo magonjwa mengine ni mengi, ni ya kawaida zaidi, na baadhi yake huua haraka.

Tuanze na idadi, maana ndiyo inayoamua mpangilio wa maswali. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria wagonjwa wapya wanne wa CNO kwa mwaka katika kila watoto milioni moja. Sasa linganisha na Kinshasa. Mwaka 2009 Léon Tshilolo na wenzake walichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto wachanga 31,204 wa mji huo: asilimia 1.4 walizaliwa na selimundu. Hao ni watoto 14 katika kila elfu moja. Kwa hiyo mtoto wa Kikongo anayeumwa mifupa mara kwa mara apimwe selimundu kabla ya mtu yeyote kufikiria ugonjwa wenye jina refu la Ulaya.

La kwanza, basi, ni selimundu, ambayo huziba mishipa midogo ndani ya mfupa. Mfupa unakosa damu, unauma sana, unavimba, na kwa watoto wadogo vidole vya mikono na miguu hujaa. Mfupa ulioumizwa hivyo hushikwa kirahisi na bakteria, hasa salmonela. Vituo vingi vya Kongo hutumia kipimo cha Emmel, ambacho huonyesha kama chembe za damu hujikunja kama mundu. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, ila hakimtenganishi mwenye ugonjwa na yule aliyebeba tabia yake tu. Jibu la uhakika hutoka kwenye elektroforesi ya himoglobini. Kulijua jibu hilo kuna faida kubwa: utafiti ulioongozwa na Tshilolo huyohuyo katika Kongo, Angola, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto hao.

La pili ni osteomielitisi ya bakteria, ambayo mara nyingi huletwa na stafilokoka. Hii huingia kwa kishindo: homa kali, mtoto anakataa kukanyaga chini, mguu una joto. Isipotibiwa mapema hugeuka sugu. Kipande cha mfupa hufa, ngozi hutoboka, usaha hutoka kwa miezi. Hapa kuna tofauti inayomsaidia mwuguzi hata asiye na mashine: CNO kwa kawaida haitoboi ngozi, haitoi usaha, wala haiachi kipande cha mfupa mfu ndani. Tundu linalotiririsha usaha ni ushahidi wa maambukizi, na maambukizi yanahitaji antibiotiki na mara nyingi kisu.

La tatu ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alikieleza mwaka 1779. Pingili hubomoka, mgongo hupinda, miguu inaweza kupooza. CNO nayo hubomoa pingili. Tofauti ni kwamba kifua kikuu mara nyingi hula na gegedu lililo kati ya pingili na kutengeneza jipu pembeni, ilhali CNO kwa kawaida huliacha gegedu salama. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, pingili iliyobomoka ihesabiwe kuwa ya kifua kikuu hadi vipimo vikatae.

La nne ndilo linalotisha zaidi: saratani. Saratani ya damu kwa watoto huweza kuanza kwa maumivu ya mifupa ya usiku, na mwanzoni hesabu ya damu huweza kuonekana karibu na kawaida. Saratani za mfupa wenyewe hushika palepale CNO inapopenda, karibu na goti. Na taya lina historia yake katika ukanda wetu. Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Alitafuta wengine, akachapisha makala mwaka 1958, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana. Limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini hutibika ikiwahiwa. CNO ya taya huvimba na kunywea kwa wiki na miezi. Taya linalokua kila siku halisubiri miadi ya mwezi ujao.

Baada ya yote hayo ndipo CNO inapata nafasi ya kutajwa. Mwaka 2016 madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha vigezo ambavyo wengi huvitumia leo. Kwanza, mtoto awe na maumivu ya mfupa, kukiwa na uvimbe au la, bila dalili kubwa za maambukizi. Pili, picha zionyeshe mabadiliko yanayofanana na ugonjwa huu. Kisha mojawapo ya njia mbili. Ikiwa mifupa iliyoathirika ni zaidi ya mmoja, au ni mtulinga peke yake, na kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha kiwango cha uvimbe mwilini, hakifiki miligramu 30 kwa lita, daktari anaweza kuutaja ugonjwa bila kukata kipande cha mfupa. Lakini ikiwa ni mfupa mmoja tu usio mtulinga, au CRP iko juu, lazima kichukuliwe kipande cha mfupa, kitazamwe kwa darubini, na kioteshwe maabara kuona kama bakteria watakua.

Ndani ya kigezo hicho cha mwisho kuna sharti dogo ambalo kwa Uvira na vijiji vyake lina uzito wa pekee: kipande hicho kichukuliwe wakati mtoto hatumii antibiotiki. Mtoto aliyemeza amoksisilini jana, au aliyedungwa seftriaksoni wiki hii, anaweza kuwa na bakteria mfupani ambao hawataota maabara. Karatasi itasema "hakuna vijidudu," na wote watadhani wameondoa maambukizi kumbe wameyaficha. Bakteria wa kifua kikuu nao huota polepole mno, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hupaswa kutafutwa kwa kipimo chao wenyewe, kwa mfano GeneXpert. Katika mahali ambapo antibiotiki hununuliwa dukani bila cheti, swali la kwanza kwa mzazi liwe hili: amekunywa nini, lini, na kwa siku ngapi? Vibao vya vidonge na chupa tupu viletwe hospitalini. Vinasema kweli kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekesha na mtoto.

Mtego wa pili ni steroidi. Predinisoloni na deksametasoni hupunguza uvimbe wa karibu kila kitu, na mtoto huamka kesho akitabasamu. Hizo hizo ni miongoni mwa dawa za kutibu saratani ya damu. Zikitolewa kwa kubahatisha, chembe za saratani hupungua kwa muda, kipimo cha uboho hutoka na jibu lisiloeleweka, na saratani hurudi baadaye ikiwa sugu zaidi. Steroidi zisubiri hadi saratani ya damu iwe imetafutwa na kukosekana.

Kuhusu picha, chombo bora ni mashine ya MRI, ambayo Kongo hujulikana kwa kifupi cha Kifaransa, IRM. Inatumia sumaku badala ya mionzi, na inaweza kupiga picha ya mwili mzima kwa mkupuo mmoja. Uzuri wake kwa CNO ni kwamba huona maji ya uvimbe ndani ya uboho hata kabla mfupa haujaliwa, na mara nyingi hugundua sehemu ambazo mtoto mwenyewe hakuwahi kulalamikia. Mtoto anayeumwa goti moja huonekana ana madoa kwenye magoti yote mawili, kifundo cha mguu na pingili ya mgongo. Mtawanyiko huo ni ushahidi wenye nguvu sana.

Mashine hiyo haipo kijijini, na hata hospitali kuu ya rufaa ya kawaida haina. Je, ndiyo kusema hakuna la kufanya? Lipo, tena jingi. Eksirei ya kawaida inaweza kupigwa pande zote mbili, kulia na kushoto, hata kama mtoto analalamikia upande mmoja, na ikarudiwa baada ya wiki kadhaa, maana mwanzoni huweza kutoka safi. Mkono wa daktari unaweza kubonyeza mifupa yote, mtulinga kwa mtulinga, pingili kwa pingili. Viganja na nyayo hutazamwa. Mtoto hupimwa uzito, maana anayekonda ana hadithi nyingine. Tezi, ini na bandama hupapaswa. Hesabu kamili ya damu husomwa na mtu aliyezitazama chembe kwa darubini, na CRP hurudiwa. Mtoto asiye na homa kali, asiyekonda, mwenye hesabu nzuri ya damu, mwenye himoglobini ya kawaida kwenye elektroforesi, na mwenye mifupa miwili au mitatu inayovimba na kutulia kwa miezi, huyo anastahili barua ya rufaa yenye neno CNO ndani yake.

Rufaa yenyewe ina historia nzito huku. Hospitali ya Lemera, iliyoko milimani juu ya tambarare na iliyoanzishwa na wamisionari Wapentekoste wa Sweden, ndiko daktari Denis Mukwege alikofanya kazi kabla ya kujulikana duniani. Tarehe 6 Oktoba 1996 ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mukwege baadaye alianzisha Hospitali ya Panzi huko Bukavu, mwaka 1999. Kwa miaka mingi mgonjwa mgumu wa tambarare alipelekwa Bukavu, au akateremshwa Uvira na kuvushwa mpaka hadi Bujumbura. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na safari ambayo zamani ilikuwa ya nauli na vumbi ikawa pia ya vizuizi na hofu. Mzazi anayeambiwa "mpeleke mbele" anapima ugonjwa wa mtoto dhidi ya hatari ya barabara. Ndiyo sababu kazi inayofanywa vizuri kituoni, kabla ya safari, ina thamani kubwa: inajulisha nani lazima aondoke leo na nani anaweza kusubiri njia itulie.

Ugonjwa ukishathibitishwa, tiba ya kwanza ni dawa za kutuliza uvimbe zisizo steroidi, kama naprokseni, ibuprofeni au indometasini, zikitolewa kila siku kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kwa wiki na miezi. Wengi hupata nafuu. Nafuu hiyo, hata hivyo, haithibitishi ugonjwa, kwa kuwa dawa hizo hutuliza hata maumivu ya saratani. Zina madhara tumboni, na zinaweza kuumiza figo za mtoto aliyepungukiwa maji. Uvira ni mji usioachwa na kipindupindu, kwa hiyo mzazi aambiwe waziwazi: mtoto akiharisha au kutapika, dawa hizi zisimamishwe, apewe maji ya chumvi na sukari, na arudishwe kituoni.

Dawa hizo zisipotosha, au uti wa mgongo ukishikwa, kuna ngazi za juu: methotreksati, dawa za kuzuia kichochezi cha TNF, na pamidroneti, dawa inayoingizwa kwenye mshipa na kuzizuia chembe zinazomega mfupa. Hizo ni za hospitali kubwa na daktari bingwa. Mabingwa wa magonjwa ya viungo na kinga kwa watoto ni wachache mno Afrika. Mmoja wao ni Angela Migowa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na tangu mwaka 2019 kuna chama cha wataalamu hao barani, PAFLAR. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu kwenye mwanga mzuri, pamoja na tarehe na majibu ya damu, inaweza kumfikia bingwa aliye mbali siku hiyohiyo.

Mtoto hufuatiliwa kwa miaka. Kila ziara mgongo wake hutazamwa akiwa ameinama, miguu hupimwa urefu kwa utepe, kwa sababu uvimbe karibu na sehemu inayokua unaweza kurefusha au kufupisha mguu mmoja. Wengi hukua na kuishi maisha ya kawaida. Wengine huendelea kupata vipindi vya maumivu hata wakiwa watu wazima, na pingili iliyobomoka bila kutibiwa huacha mgongo uliopinda. Kwa mzazi wa Kiringye, vitu vya kubeba siku ya rufaa ni hivi: daftari lenye tarehe ambazo maumivu yalianza na kutulia, majina ya dawa zote alizomeza mtoto, majibu ya Emmel au elektroforesi, filamu zenyewe za eksirei pamoja na maelezo yake, na karatasi ya upasuaji ikiwa aliwahi kupasuliwa, ikionyesha kama usaha ulipatikana au haukupatikana.